Mguu wa Gia

Siku pikipiki ilipoanza kunikatalia gia nilikuwa natoka Ntalikwa na madumu mawili ya asali, moja kila upande wa keria. Kabla hujaingia lami kuna mahali barabara inashuka kwenye mchanga mwingi, halafu inapanda. Kila anayepita pale na mzigo hurudi namba moja, anapanda polepole, basi. Nilibana klachi, nikakanyaga pedeli ya gia, nikaachia. Injini ikalia kwa nguvu lakini tairi halikusogea. Nilikuwa kwenye nyutro. Nikabana tena, nikakanyaga tena. Safari hii iliingia, lakini mimi sikujua kama imeingia, nikaachia klachi ghafla. Pikipiki ikaruka mbele, ikazimika. Nilishuka nikaisukuma mpaka juu na mzigo wake.

Sikukasirika. Nalisema hilo kwa sababu watu wanaonifahamu wanajua nina hasira za karibu, hasa mbele ya chombo kibovu. Siku ile nilifika juu, nikajifuta jasho, nikapiga kiki, nikaenda nyumbani. Mke wangu alikuwa amefariki mvua zilipokuwa zinaelekea kwisha, na tangu hapo mambo yalikuwa yananipita hivyo.

Ninanunua asali vijijini na kuiuza mjini Tabora. Baba yangu alifanya kazi hiyo kwa baiskeli, na babu yangu, nasikia, kwa miguu. Mke wangu alikuwa mtu wa Kwihara. Yeye ndiye aliyekuwa anaichuja asali, anaiweka kwenye chupa, anajua ipi ya miti gani kwa kuilamba tu. Aliugua homa, tukadhani ni homa ya kawaida, na haikuwa ya kawaida. Tulimzika kwao Kwihara kwa sababu alitaka alale karibu na baba yake.

Kwenye msiba sikulia. Wazee wa msikitini walinishika mkono wakasema nimekaza moyo, nimeonyesha subira. Niliitikia. Ukweli sikuwa nimekaza kitu chochote. Nilikuwa kama mtu anayesikia redio ya jirani kupitia ukutani: unajua kuna mtu anasema, ila maneno huyapati. Nilikaa kwenye mkeka, miguu ikawa inanichonyota usiku kama inatembelewa na sisimizi, nikasema ni kukaa sana chini. Watu walipoondoka nikarudi kazini, maana sikuona kingine cha kufanya.

Dada yangu mkubwa alihamia kwangu. Hakuniuliza. Alikuja asubuhi moja na godoro lake, birika lake na kuku wawili, akapanga vyombo jikoni upya, na tangu siku ile nyumba haikukaa kimya. Yeye ni mjane wa zamani na husema kila kinachomjia. Anazungumza na sufuria. Mimi nilikuwa naitika, "Eeh," na yeye hakudai zaidi ya hapo.

Pikipiki yangu si mpya. Namba moja unakanyaga chini kwa unyayo. Zinazobaki unaziingiza kwa kuinua pedeli na mgongo wa vidole vya mguu wa kushoto, moja baada ya nyingine. Pikipiki nyingi za hapa zina pia ulimi wa nyuma, wa kukanyaga kwa kisigino. Wa kwangu ulikatika kabla sijainunua. Sikuwahi kuuhitaji. Nilikuwa nabadilisha gia kama mtu anavyopepesa macho.

Baada ya ile siku ya mchangani, gia zilianza kunisumbua kila safari. Nainua kwenda namba tatu, kumbe nimebaki mbili, injini inalia mpaka watu wanageuka. Au nainua mara mbili bila kujua, najikuta namba nne na mzigo, pikipiki inatetemeka kama ina homa. Nikaipeleka kwa fundi.

Fundi wangu ana banda la bati kwenye barabara ya kwenda Itetemia. Ni mdogo kwangu kwa umri, mbishi, na mpira wa redioni humfanya apoteze spana akiwa amezishika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gia zinanisumbua."

"Zinasumbuaje? Haziingii, zinachomoka, au zinakwama?"

Nikafikiri. "Sijui," nikasema. "Wakati mwingine naingiza, kumbe haijaingia. Wakati mwingine imeingia, mimi nadhani bado."

Akanitazama. "Hiyo ni klachi," akasema, kwa uhakika wote.

Akanionyesha waya wa klachi ulivyolegea. Mkono wa klachi, alisema, unatakiwa uwe na mchezo kidogo tu kabla haujaanza kuvuta. Ukilegea sana, klachi haiachii yote, na ukikanyaga gia inagoma au inapiga kelele. Ukikaza sana nako, inateleza, pikipiki inakosa nguvu. Akazungusha nati, akaijaribu kwa kidole, akazungusha tena. Halafu akanifundisha kama mwanafunzi wa kwanza: "Ikigoma, usiilazimishe. Punguza resi yote, bana klachi mpaka mwisho, itikise pikipiki mbele na nyuma kidogo. Meno ya ndani yatakutana yenyewe. Ndipo ukanyage. Na usipumzishe mguu juu ya pedeli ukiwa unatembea, unaila gia."

Nilikuwa nayajua yote hayo. Nilimshukuru nikaondoka, na njiani namba tatu ikanipotea tena.

Mara ya pili aliposikia, alisema ni oili. Alifungua nati ya chini, oili ikatoka nyeusi na nyepesi, ina harufu ya kuungua. Alinionyesha kwenye vidole vyake kwa ushindi. "Hii siyo oili, hii ni chai." Akaweka mpya. Mara ya tatu akasema ni pedeli, kwamba meno yake yamelika pale inaposhika chuma cha gia, kwa hiyo nikiinua, pedeli inazunguka bure. Akaikaza na kuipandisha juu kidogo. Mambo yakawa mabaya zaidi. Sasa hata kuipata pedeli ilikuwa kazi. Nilikuwa nateremsha macho kuutazama mguu wangu wakati naendesha, kuona kama vidole viko chini yake au viko hewani.

Dada aliniona nikiondoka asubuhi moja nimeinamisha kichwa hivyo. Niliporudi aliniuliza, "Unatafuta nini chini ukiwa unaendesha? Umeangusha kitu?"

"Natazama gia."

"Gia inatazamwa?"

"Eeh," nikasema.

Ajali ilitokea kwenye makutano ya reli. Lango lilikuwa limefungwa, treni inakuja, na foleni imejipanga: bodaboda, baiskeli, na mbele yangu mkokoteni wa magunia ya mkaa na mwenyewe amesimama pembeni. Niliweka nyutro, au nilidhani nimeweka. Mashine ile ina taa ya kijani ya kukuonyesha nyutro, lakini balbu ilikufa zamani na mimi sikuijali, maana mguu ulikuwa unaniambia. Nikaachia klachi ili nipumzishe mkono. Pikipiki ilikuwa namba moja. Iliruka, ikaingia kwenye gurudumu la mkokoteni, ikaniangusha upande wa kushoto, na dumu moja likapasuka.

Nilikaa kwenye mchanga nikaona asali inatembea kuelekea relini. Treni ikapita. Ilikuwa ndefu, ya mizigo, na wakati wote inapita hakuna aliyeweza kuzungumza, tulitazamana tu. Nyuki wakaanza kufika, sijui walitoka wapi kwa haraka ile. Treni ilipoisha, mwenye mkokoteni alianza kunitukana, halafu akaacha katikati ya neno.

Mama mmoja aliyekuwa anauza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kando ya reli alikuja na kopo la maji. Alichuchumaa mbele yangu.

"Baba, kidole chako!"

Nikatazama. Ndala ya kushoto ilikuwa imetoka, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeng'oka wote. Damu ilikuwa imechanganyika na asali. Nilikitazama kile kidole kama cha mtu mwingine aliyekalishwa karibu yangu.

"Hakiniumi," nikamwambia.

Alidhani najikaza. Akanishika kifundo cha mguu ili anioshe, akaugeuza unyayo. "Na hiki je?" Chini ya vidole, kwenye ile nyama nene, kulikuwa na kipande cha waya kimezama. Kinachoonekana kilikuwa kidogo tu. Ngozi ya pembeni ilikuwa imebadilika rangi na usaha umeanza. Hicho hakikuwa cha siku ile. Kilikuwa na siku zake humo, na mimi nilikuwa natembea nacho, naswali nacho, nalala nacho.

Yule mama alisimama akafuta mikono yake kwenye kanga. "Baba, nenda hospitali," akasema. Hakudhani tena kwamba najikaza.

Sikwenda hospitali kwanza. Nilifunga kidole kwa kitambaa alichonipa, nikaisukuma pikipiki mpaka kwa fundi. Ndiyo njia niliyoizoea. Fundi alizima redio aliponiona. Alipanda pikipiki, akapiga kiki, akaenda nayo barabarani. Nilisimama bandani nikisikiliza. Moja, mbili, tatu, nne. Akarudi nne, tatu, mbili, moja, nyutro. Kila moja ilikuwa inaingia kwa mlio wake mdogo wa chuma, safi. Alizunguka mara nyingine tena na kurudi, akashuka.

"Mzee, gia hii haina tatizo. Nilikaza waya bure, nilimwaga oili bure. Nisamehe."

"Kwangu haziingii."

Akautazama mguu wangu uliofungwa. Akachukua spana, akapiga magoti, akabonyeza vidole vyangu kwa mpini wake, kimoja kimoja.

"Unasikia?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

Akasogea nyuma, katikati ya unyayo, akabonyeza. "Hapa?"

"Kidogo."

Akabonyeza kisigino. Pale niliusikia mpini, baridi na mgumu. "Hapo ndiyo."

Fundi alibaki amepiga magoti. Baba yake, aliniambia, alianza hivyo hivyo. Hakunieleza alimaliza vipi. Alifunga banda mchana kweupe, akanipakia kwenye pikipiki yangu mwenyewe, akanipeleka hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alipima damu kwanza. Kisha akatoa kijiti chenye uzi mgumu kama wa nailoni mwishoni.

"Fumba macho, baba. Kila nikikugusa, sema ndiyo."

Nikafumba macho. Kwenye mguu wa kulia nilisema ndiyo mara chache, kisha nikangoja aje wa kushoto. Nilisikia kiti chake kikilia, nikasikia watu wanapita nje kwenye korido. Baada ya muda nikamwambia, "Anza wa kushoto basi, daktari."

"Nimeshamaliza, baba," akasema. "Muda wote huu nilikuwa kwenye wa kushoto."

Ilikuwa sukari. Ilikuwa imenikalia muda mrefu, alisema, pengine miaka, na ilikuwa imeanza na mishipa ya kupeleka habari za miguu. Aliniuliza ganzi ilianza lini. Nikamwambia sijui. Aliniuliza kama nilikuwa nasikia kiu sana, kama nilikuwa naamka usiku mara kwa mara. Nilikuwa naamka, nikasema, lakini nyumbani kulikuwa na msiba, mtu yeyote angeamka. Akaandika. Aliponiuliza kazi yangu nikamwambia nauza asali, kalamu ikasimama.

"Na unaionja?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

Hakucheka, na mimi sikucheka. Walikitoa kile kipande cha waya nikiwa natazama. Nesi alikuwa ananiangalia usoni akingoja nikunje uso. Nilimwonea huruma, alikuwa amejiandaa kunituliza na hakukuwa na wa kutulizwa.

Nyumbani, dada ndiye aliyelia. Alilia kwa sauti, ameshika mlango, mpaka jirani akaja akidhani ni msiba mwingine. Mimi nilimpa maji. Baadaye alijifuta, akaenda kabatini, akatoa kila chupa ya asali iliyokuwa ya kula nyumbani, akaigawa mtaa mzima kabla ya magharibi.

Daktari alikuwa amenikataza pikipiki mpaka kidonda kifunge. Nilikaa. Kila jioni dada alileta beseni la maji ya uvuguvugu, ambayo aliyapima kwa kiwiko chake maana mimi sikuaminika tena kuyapima, akaniosha mguu, akaukausha katikati ya vidole, akaugeuza na kuukagua kwa tochi ya simu. Alikuwa anafanya huku anasema: bei ya mchele, harusi ya mtoto wa fulani, kuku aliyekataa kutaga. Nilikuwa nauona mkono wake kwenye mguu wangu na siusikii. Ni jambo la ajabu kidogo kuona mtu anakufanyia wema ambao haukufikii. Nilimwambia hivyo siku moja.

"Unafika," akasema. "Wewe tu ndiye huujui."

Wafuga nyuki walipiga simu. Mmoja wa Ntalikwa alisema asali imejaa ndoo, nitakuja lini. Nikamwambia ninaumwa mguu. Akaniambia pole, atangoja. Nilizima simu, nikakaa nikitazama pikipiki iliyosimama ukumbini imefunikwa shuka. Kama ningekuwa na huzuni, hapo ndipo ingekaa. Lakini nilichokuwa nacho kilikuwa kama mchana mrefu usio na kivuli, basi.

Kidonda kilifunga. Sukari ilishuka, siyo sana. Ganzi haikuondoka, na daktari alinieleza wazi kwamba nisiingoje iondoke. Nilimuuliza kuhusu pikipiki. Hakufurahi. Alisema kama lazima, basi viatu vya kufunika, vigumu mbele, safari fupi, na breki nitumie zaidi ya mkono. Nikaenda kwa fundi.

Fundi alikuwa ameshalifikiria jambo hilo. Alitafuta pedeli ya zamani yenye ulimi wa nyuma, akaikata, akachomelea ulimi kwenye pedeli yangu, akaupinda mpaka ukakaa sawa chini ya kisigino changu. Mantiki yake ilikuwa rahisi: vidole havisikii, kisigino kinasikia. Namba moja nitakanyaga mbele. Kupanda gia zinazobaki nitakanyaga nyuma kwa kisigino, sitainua tena chochote kwa vidole. Akabadilisha na ile balbu ya kijani. "Hii ndiyo macho yako ya nyutro. Isipowaka, usiachie klachi. Hata kama una uhakika. Hasa kama una uhakika."

Nilijifunza upya kwenye uwanja ulio nyuma ya banda lake. Mtu aliyeendesha miaka mingi kujifunza gia upya si jambo la fahari. Mguu ulikuwa unakumbuka mwenyewe njia ya zamani: kabla sijafikiri, vidole vilikuwa vimeshaingia chini ya pedeli kuinua, na mimi sijui kama vimeinua au vimeteleza. Ilibidi nijizuie. Nilianza kutamka: "Moja. Klachi. Kisigino. Mbili." Nikasikiliza injini. Gia ikiingia, mlio unashuka na pikipiki inavuta. Isipoingia, mlio unapanda na hakuna kinachovuta. Nilikuwa nalijua jambo hilo maisha yote bila kulitumia, kwa kuwa mguu ulikuwa unanipa jibu kabla ya sikio.

Dada alikuja kutazama siku ya pili akiwa na mwavuli wa jua. Alitazama kwa muda, kisha akanijia.

"Mimi nitakaa nyuma."

"Kufanya nini?"

"Kusikiliza. Wewe unatazama barabara, unatazama taa, unabana mikono, unakanyaga kisigino. Nani anasikiliza?"

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Dada hakuwahi kupanda pikipiki maisha yake yote. Alipanda ubavu, miguu upande mmoja, baibui limefungwa vizuri magotini, mkono mmoja umenishika kiunoni kwa nguvu iliyoniumiza. Tukaondoka. Nilipopanda kwenda namba tatu, alinipiga begani. "Bado! Inalia!" Nikakanyaga tena. "Sasa." Kwenye kona akapiga kelele iliyowageuza watu wa dukani, lakini ilikuwa ya kona, haikuwa ya gia.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kwenda. Mwanzoni mpaka sokoni na kurudi, halafu Itetemia. Watu walizoea. Wengine walikuwa wanamsikia dada kabla hawajaisikia pikipiki.

Mawingu ya mvua mpya yalipoanza kujikusanya, dada alisema twende Kwihara. Sikuwa nimekwenda tangu maziko. Nilikuwa nimempelekea mama mkwe salamu kwa simu, na sukari na sabuni kwa watu waliokuwa wanaelekea huko, lakini mwenyewe sikwenda. Sikuwa naogopa. Sikuwa na sababu yoyote, na kwa kuwa sikuwa na sababu ya kutokwenda, tulikwenda.

Njia ya Kwihara ni mchanga mwekundu na mashamba ya karanga. Tulipita karibu na ile tembe, nyumba ya kale ya udongo, ambayo wageni huletwa na magari kuitazama. Siku hiyo hapakuwa na gari. Namba mbili ilinikwama mara moja kwenye mchanga. Nikapunguza resi yote, nikabana klachi mpaka mwisho, nikaitikisa, ikaingia. "Sasa," akasema dada.

Tulianzia makaburini. Nyasi zilikuwa zimekauka. Kaburi lake lilikuwa limetulia, udongo umeshuka, mawe ya pembeni yamekaa sawa. Kuna mtu alikuwa analitunza. Tuliomba dua. Dada alilia kwa sauti ndogo. Mimi nilisimama na viatu vyangu vipya vigumu. Niling'oa magugu machache, nikayaweka pembeni.

Mama mkwe alitukaribisha uani. Nilimwamkia kwa heshima, nikakaa mbali naye kidogo kama ipasavyo mkwe, macho chini. Alizungumza Kinyamwezi na wajukuu waliokuwa wanatwanga, kisha akatugeukia kwa Kiswahili. Aliuliza habari za mjini, na kwa nini nimevaa viatu vizito hivyo kwenye joto. Dada akamweleza yote, treni, asali, waya, sukari.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kumbe ndiyo hiyo."

"Ipi, mama?" nikamuuliza.

"Marehemu alikuwa ananiambia. Alisema, mama, mume wangu anaacha ndala njiani kama mtoto. Anaingia ndani na moja, hajui nyingine imebaki wapi. Namfuata nyuma naziokota. Nikamwambia, labda amechoka. Akasema, hapana, mama, ule mguu hausikii. Alisema mvua zikiisha atakupeleka hospitali, hata ukikataa atakuburuta."

Wajukuu waliendelea kutwanga. Nikawa natafuta kichwani kama aliwahi kuniambia. Hakuwahi. Lakini nilikumbuka ndala zangu zikiwa zimepangwa mlangoni kila asubuhi, zote mbili, pua zake zimeelekea nje, na mimi nazivaa na kwenda zangu. Nilidhani ni usafi tu. Nilidhani kila mke hupanga ndala.

Nilivitazama viatu vyangu vizito miguuni, vyote viwili. Mama mkwe hakunitazama. Alikuwa ametazama upande wa shamba, na nadhani alifanya hivyo makusudi.

"Alikuwa na maneno mengi juu yako," akasema. "Siku nyingine uje nikueleze mengine."

"Nitakuja, mama."

Walitupa ugali na mlenda wa karanga, tukala, tukaaga. Mvua ilitukuta katikati ya njia. Ilikuwa ya kwanza ya msimu, nzito, na barabara ikageuka uji mwekundu. Nilirudi namba moja, taa ya kijani ikawaka na kuzimika ilivyopaswa, dada akanyamaza kabisa mgongoni kwangu, na tukasogea kwa mwendo wa mtu anayetembea. Aliponyamaza hivyo nilijua analia tena, au anaogopa. Sikumuuliza. Nilimwambia tu, "Shika vizuri," akashika.

Mvua ilipokatika tulikuwa karibu na mji. Wanawake walikuwa wameshatoka na nyungo za uyoga kando ya barabara, ule wa mwanzo wa mvua, bado una udongo. Dada akanipiga begani.

"Simama. Simama nichague."

Nikabana klachi, nikatafuta nyutro kwa mbele, nikakosa, nikatafuta tena. Kijani kikawaka. Niliitazama ile taa kwa muda kabla sijaachia mkono. Dada aliteremka na matope mpaka magotini, akaanza kubishana na muuzaji kuhusu uyoga upi umepata minyoo. Walibishana muda mrefu, kwa furaha. Nilikaa juu ya pikipiki nikiwasikiliza, maji yakinitiririka mgongoni, nikayasikia kuwa ni ya baridi.

Usiku huo dada aliupika ule uyoga kwa karanga. Tulikula sebuleni, mlango uko wazi kwa sababu ya joto lililorudi. Aliniuliza kama ni mtamu. Nikaendelea kutafuna, nikauchunguza mdomoni kama kitu ambacho nitaulizwa habari zake baadaye.

"Ni mtamu," nikasema, na dada akaniongeza.